Ku Bendera: alama za wapimaji wa zamani na majina yanayozizunguka

Ukiuliza katika mitaa ya Lubumbashi borne iko wapi, watoto watakupeleka kwenye bomba la maji. Hawakosei. Kwetu borne kwanza ni borne-fontaine, pale akina mama wanapojaza bidoni zao asubuhi. Maana ya pili ni jiwe la kona ya kiwanja, lile linalowagombanisha majirani mpaka wafike kadastre. Maana ya tatu inajulikana na wachache: jiwe, nguzo ya saruji au kibao cha madini kilichopandwa ardhini na wapima ramani, ili wao au wenzao waweze kurudi siku nyingine kwenye nukta ileile. Makala haya yanahusu borne ya tatu, na zaidi yanahusu maneno ambayo watu wanayatumia kuitaja.

Tutenganishe aina mbili. Kuna alama za kimo, ambazo zinaeleza mahali fulani pako juu ya bahari kwa mita ngapi. Hizo hupatikana kandokando ya reli, kwenye madaraja na kuta za majengo ya zamani. Na kuna alama za pembetatu, ambazo hukaa juu ya vilima. Kabla ya satelaiti, mpimaji alipima kwa uangalifu mstari mmoja tu ardhini, kisha akapanda kilimani na kupima pembe kuelekea vilima vingine viwili. Ukijua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, hesabu inakupa pande zilizobaki, na kila upande mpya unazaa pembetatu nyingine. Sharti lilikuwa moja: kilima kionane na kilima. Sharti hilo ndilo linalotuhusu sisi wa isimu, kwa sababu kilima kinachoonekana kutoka mbali ni kilima chenye jina, na mara nyingi kina zaidi ya moja.

Nchi nyingine, kuzitafuta alama hizi ni burudani ya siku za mapumziko. Uingereza kuna nguzo za saruji zaidi ya 6,000 juu ya vilima. Ya kwanza ilijengwa Cold Ashby mwaka 1936. Aliyeongoza kazi hiyo, Martin Hotine, alikuwa ametoka kupima pembetatu huku kwetu Afrika, Tanganyika, kati ya 1931 na 1933. Alikuwa akifanya kazi kwenye mnyororo wa pembetatu unaofuata meridiani ya 30, uliopendekezwa na David Gill, mnajimu wa Cape, ili kuunganisha kusini mwa bara na Misri. Sehemu ya mpaka wa Uganda na Kongo ilipimwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1908 na 1909. Mnyororo wote ulikamilika 1954. Nguzo ambayo wastaafu wa Uingereza wanapigia picha kila Jumapili ina basi undugu na mawe yetu.

Wamarekani wameendelea mbali zaidi. Kila alama yao ina karatasi yake, na karatasi hiyo inaeleza kwa maneno namna ya kuifikia: toka posta, fuata barabara, pinda penye ghala, hesabu hatua kutoka kwenye mwaloni. Kila anayeifikia baadaye anaongeza taarifa yake chini ya ile ya mwenzake. Unaweza kuona katika karatasi moja mtu wa 1934 anaongoza kwa mti, mtu wa 1960 anaongoza kwa nguzo ya simu, na mtu wa juzi anaongoza kwa maegesho ya duka. Ningependa mwalimu mmoja wetu atoe somo zima juu ya karatasi hizo, maana sijaona mfano bora zaidi wa jinsi lugha inavyotegemea vitu ambavyo vitaondoka kabla ya msomaji kufika.

Sasa nyumbani. Kati ya 1898 na 1900 Charles Lemaire alipita huku na ujumbe wa kisayansi, akitafuta latitudo na longitudo kwa kutazama nyota. Ripoti zake ziliandika jina la nchi hii Ka-Tanga, na kistari katikati. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataona mara moja kwamba kistari hicho kinatenga kiambishi ka- na shina. Baada yake, Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, ilikuwa na idara yake ya jiografia na jiolojia. Upande wa kusini, tume ya Wabelgiji na Waingereza ilisimika nguzo za mpaka kati ya 1911 na 1914, ikifuata mgongo wa ardhi unaogawa maji ya mto Kongo na ya Zambezi, kama mkataba wa 1894 ulivyotaka. Ukisimama kwenye mgongo huo mvua inaponyesha, mate yako ya kushoto yanaenda Atlantiki na ya kulia Bahari ya Hindi. (Mwenzangu wa jiografia amejaribu.)

Ramani za Katanga zilipata baadaye mfumo wao wa vipimo, unaoitwa Katanga 1955. Chanzo chake ni nukta moja yenye jina Tshinsenda A, huko karibu na Kasumbalesa, kwenye latitudo 12°30' kusini na longitudo 28°01' mashariki. Zambia, kilomita chache tu kutoka hapo, ilitumia mfumo wa Arc 1950, ambao chanzo chake ni Buffelsfontein, karibu na Port Elizabeth, Afrika Kusini. Matokeo yake ni kwamba kilima kimoja cha mpakani kina namba mbili halali, moja ya kwetu na moja ya ng'ambo, na hakuna mpimaji aliyekosea. Kila mmoja alianza kuhesabu kutoka kwake.

Tahajia nayo imefanya vivyo hivyo. Sauti inayoanza jina la Tshinsenda ni ile ya kiambishi cha ngeli ya saba katika Kibemba na Kilamba. Mbelgiji aliyezoea kusoma Kifaransa aliiandika tsh. Mwingereza wa Rhodesia ya Kaskazini aliiandika ch, na ndivyo tunavyosoma hadi leo Chililabombwe na Chingola. Wanaisimu wa leo huandika c tu. Herufi tatu kwa sauti moja, na mstari unaozitenga haupiti kati ya wasemaji. Unapita kati ya shule walizosoma makarani. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimekutana na kazi za mwisho wa mzunguko zinazochukua majina ya ramani kana kwamba ni unukuzi wa kifonetiki. Chukua Kipushi na Tshinsenda. Yote mawili yako kusini, mpakani, lakini moja lina ki- na jingine tshi-. Kabla ya kuchora mpaka wa lahaja kati yao, uliza kwanza nani alimwandikia nani: mtu wa Kisanga au wa Kiluba, ambaye kwake ki- ndiyo kawaida, alipomfanyia mzungu ukalimani, jina liliweza kuingia katika daftari kwa mdomo wake na si kwa mdomo wa wenyeji.

Kwa miaka miwili sasa, mimi na mwenzangu huyo wa jiografia tunatoka siku za Jumapili na nakala ya ramani ya zamani, dira, simu yenye GPS na panga. Tunatafuta vilima vyenye alama ya pembetatu. Kijiji kimoja kusini mwa mji kimenifundisha zaidi ya vingine, na sitakitaja kwa sababu nitakayoieleza. Niliuliza habari za borne, nikaonyeshwa bomba. Niliuliza jiwe la wazungu; mama mmoja akasema: "Ile njo mupaka," akinyoosha kidole kwenye shamba la jirani. Mwishowe mzee mmoja, ambaye nilimwita tata kama wanavyomwita wote pale, akasikiliza maelezo yangu marefu juu ya saruji na kilima, akacheka: "Mutoto yangu, unatafuta ku bendera."

Juu ya kilima hakuna bendera. Lakini wapimaji walihitaji kitu cha kuonekana kutoka kilima cha pili, wakasimamisha mlingoti na kitambaa juu yake, moja kwa moja juu ya nukta. Kitambaa kiliondoka pamoja nao. Mzee mwenyewe hakukiona. Alipokea jina kutoka kwa baba yake. Kwa hiyo bendera hapa imeacha kumaanisha kitambaa, ikawa mahali, na mahali hapo pamehifadhi kumbukumbu ya kazi ambayo hakuna aliye hai kijijini aliyeishuhudia. Tazama pia ku: Kiswahili sanifu kingetaka kwenye bendera au penye bendera, lakini Kiswahili chetu cha Katanga kinaweka ku mbele ya nomino, kama lugha jirani zinavyofanya, na hapo kijina cha mahali kinazaliwa bila mtu kukipanga.

Tulipofika juu tulikuta kizingiti cha saruji kilichovunjwa upande mmoja, na shimo la kina cha goti. Kibao hakikuwepo. Vijana walituambia kwamba watu walichimba wakidhani wazungu walificha mali chini yake. Imani hiyo inasikika hata Tanzania, ambako mawe ya Wajerumani yanachimbuliwa kwa matumaini ya hazina. Si upumbavu. Ukiona mtu kutoka mbali anabeba saruji mgongoni kwa watu wengine mpaka kileleni, anaimwaga, anaandika namba, anaondoka bila kueleza, ungefikiri nini?

Na sisi tuliokuja na GPS tulifikiriwa nini? Chefu wa kijiji aliuliza moja kwa moja ni kampuni gani iliyotutuma. Katika nchi ya shaba, mtu anayepima kilima ni mtu anayekuja kukichukua. Tuliketi nusu siku. Ndipo likatoka jambo lenyewe: familia kadhaa zina karatasi ya zamani inayosema mashamba yao yanafika mpaka kwenye kilima fulani. Jina lililo kwenye karatasi lilinakiliwa kutoka kwenye ramani, na ramani ilikiita kilima kwa jina la kijito kilicho chini yake. Kijijini jina hilo ni la kijito tu. Wenye kutaka ardhi ile wanasema basi mashamba yanaishia kijitoni. Kati ya kijito na kilele kuna mashamba ya mihogo na makaburi.

Jina halisi la kilima tulilipata kwa watu wawili tu, mzee yule na dada yake mkubwa. Vijana wote walisema ku bendera. Tulirekodi wazee hao wawili mbele ya chefu, tukaandika jina kwa tahajia tatu, tukaandika pia ku bendera, pamoja na namba iliyosomeka kwenye saruji na vipimo vya simu. Namba ile ndiyo namba iliyoko kwenye ramani, karibu na jina la kijito. Kwa hiyo saruji iliyovunjika inaonyesha kitu ambacho maneno peke yake hayakuweza: mwandishi wa ramani alikuwa juu, kwenye kilele, alipoandika jina la maji ya chini. Chefu aliomba nakala, nasi tulimpa mbili. Sitaji kijiji kwa kuwa shauri bado liko mezani.

Neno moja la njia. Katika desturi ya Wamarekani, alama ambayo hukuiona huandikwa haikuonekana. Kuandika imeharibiwa kunahitaji ushahidi, kwa mfano kibao chenyewe kilichong'olewa. Nimeanza kutumia kanuni hiyo kwenye kadi zangu za msamiati. Msemaji akisema "haiko", sijui bado kama kitu hakipo, au yeye hakijui, au hataki kukionyesha kwangu. Akisema "haiko tena", amenithibitishia kwamba kilikuwepo. Hiyo tena ina thamani kuliko dodoso langu lote, na bado nasoma tasnifu zinazotangaza kwamba neno fulani "limekufa" kwa sababu watu kumi waliohojiwa sokoni hawakulitaja.

Kwa watakaopenda kutoka nasi: wakati mzuri ni Agosti na Septemba, baada ya moto wa msituni kula majani na kabla ya mvua. Mnamo Desemba unaweza kuikanyaga nguzo bila kuiona. Piteni kwanza kwa chefu, kabla ya kilima, na acheni simu mfukoni mpaka muulizwe. Msing'oe wala kusafisha chochote kwa nyundo. Kwenye kadi andikeni jina la ramani, jina la wazee, jina la vijana, na nani alisema lipi. Alama yenyewe ije mwisho. Kadi zetu ziko kumi na nne hadi sasa, tisa zikiwa na neno haikuonekana, na katika tano kati ya hizo tisa jina la mahali tumelipata.