SIKU YA MUNGU: NANI ALIANZA KUPUMZIKA?



Siku ya Mungu iliyopita kulikuwa mabishano makubwa kisimani. Wenzetu wawili walikataa kuteka maji ya jikoni. Walisema: "Leo ni siku ya Mungu, kazi ni zambi." Sisi makapita wa interna, tulioandika majina yao katika daftari ya zamu, tulikosa jibu. Basi tulifungua vitabu vya historia, na tulichokuta njo hiki.

1. Mbele ya mwaka 321

Waroma hawakuwa na siku ya kupumzika kila juma. Walikuwa na sikukuu za miungu yao, na soko lililorudi kila siku ya nane. Wayahudi walishika Sabato yao, ndiyo siku ya posho kwetu.

Na Wakristo je? Walikutana, lakini kazi haikusimama. Karibu mwaka 112, gavana Pline wa Bithinia alimwandikia Kaisari Trajan juu yao. Alisema wanakusanyika siku iliyowekwa, jua halijatoka, na kumwimbia Kristo. Kisha wanaachana, halafu wanakutana tena kula chakula. Ili apate siri yao, alitesa wanawake wawili watumwa, waliokuwa watumishi wa kanisa. Tufikiri kidogo: mtumwa angeweza kumwambia bwana wake, "Leo sifanyi kazi"? Hapana. Alfajiri njo ilikuwa saa yake.

Karibu mwaka 155, Justin aliandika kule Roma kwamba Wakristo wanakutana siku ya Jua. Wenye mali walitoa vitu juu ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

2. Amri ya Kaisari Constantin

Tarehe 3 Machi 321, Constantin aliamuru waamuzi, watu wa mijini na mafundi wote wapumzike siku ya Jua. Jina la Kristo halimo katika ile amri. Na watu wa mashamba? Waliruhusiwa kulima, juu ya saa nzuri ya kupanda ngano na mizabibu isipotee.

Tarehe 3 Julai ya mwaka ule ule aliongeza neno moja zuri: siku hiyo kesi zimefungwa, lakini kumwachilia mtumwa huru kunaruhusiwa.

Baadaye, katika karne ile ile ya nne, maaskofu walikutana Laodikia. Waliagiza Wakristo wafanye kazi siku ya Sabato, na siku ya Bwana wapumzike, kama wanaweza. Angalieni vizuri: kama wanaweza. Walijua si kila mtu anaweza.

3. Mafundisho kwetu

Kwanza: kukusanyika ni desturi ya zamani kuliko kupumzika. Aliyeteka maji na kuja kuabudu hakuacha njia ya Wakristo wa kwanza.

Pili: tuulize kila mara nani anabaki kazini ili sisi tupumzike. Siku ya Mungu sisi wote tunakula bugali. Tukikataa kuteka maji, mama mpishi atayateka mwenyewe, naye ana kanisa lake na watoto wake. Amri ya Kutoka 20 inamtaja hata mtumishi. Kupumzika juu ya kichwa cha mwenzako si kushika amri.

Tatu, na hili linatupiga sisi wenyewe: wale wawili walituuliza kwa nini jina la kapita halionekani katika zamu ya siku ya Mungu. Tulitazama daftari. Kweli, halimo hata moja. Tunaomba musamaha.

Basi tumekubaliana: mapipa yajazwe siku ya posho mangaribi, na sisi wote tuliomo interna tusaidie. Kama maji yanapunguka, makapita njo watateka kwanza, alfajiri, mbele ya ibada.

Maulizo

1. Amri ya mwaka 321 iliwapumzisha nani, na iliwaacha nani?
2. Kwa nini alfajiri iliwafaa watumwa?
3. Nyumbani kwenu, nani hapumziki siku ya Mungu? Utamsaidia namna gani?