Naomi na Furaha Iliyochelewa



Somo letu ni Kitabu cha Ruthu. Ni kitabu kifupi, sura 4 tu, na mtu aliyezoea kusoma aweza kukimaliza kabla chai yake haijapoa. Nawaomba mkisome chote kwanza, ndipo mrudi hapa. Tumezoea kukisoma kwa ajili ya Ruthu na Boazi, na wahubiri wa harusini wanakipenda. Leo tumfuate mavyaa wake Ruthu, yule mama Naomi, maana yeye ndiye aliyefiwa zaidi, na mwisho wa kitabu yeye ndiye tunayemwona amempakata mtoto.

Tuanze na sura ya 1. Njaa iliingia Bethlehemu. Jina Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate. Basi ni kama mtu angetuambia kwamba pwani imekosa nazi. Elimeleki akamchukua mkewe na wana wao wawili wakaenda kukaa Moabu, ugenini. Huko Elimeleki akafa. Wana wakaoa, na baada ya miaka kama 10 wakafa nao, wote wawili, bila kuacha mtoto. Misiba mitatu katika nyumba moja. Naomi akasikia kwamba kwao chakula kimepatikana tena, akarudi, na Ruthu mkwewe akakataa kumwacha.

Alipoingia mjini wanawake walitoka kumtazama, wakaulizana kama kweli ndiye. Hapo akawakataza wasimwite tena Naomi, jina lenye maana ya kupendeza, bali wamwite Mara, yaani uchungu. Akasema kwamba aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu (1:20-21). Angalieni hakumtaja mchawi wala jirani mwenye kijicho. Shitaka lake alilipeleka kwa Mungu mwenyewe, hadharani, mbele ya mji mzima. Angalieni pia kwamba Ruthu alikuwa amesimama pale pale kando yake, ameacha kwao na mama yake mzazi kwa ajili ya mzee huyu, naye anasikia mavyaa wake akisema amerudi bila kitu! Huzuni kubwa haimwoni hata mtu aliye karibu. Ruthu hakujibu neno. Kisha alikwenda kuokota masuke.

Nimefundisha kitabu hiki miaka mingi, darasani na katika Shule ya Jumapili, na zamani nilipofika mahali hapa nilikuwa nikimlaumu Naomi kwa kukosa imani. Siku hizi siwezi. Mwaka 1998, katika mvua za El Niño, nilimzika mume wangu. Mahindi yetu yalioza shambani. Nilikuwa na watoto watatu, na mdogo bado wa kubebwa. Siku ya tatu ya matanga mtu mmoja, naamini kwa nia njema, aliniambia kwamba Mkristo halii hivyo, na kwamba imenipasa kushukuru kwa yote. Nikaitikia Amina, kwa kuwa mwalimu amefundishwa adabu. Lakini tangu siku ile kinywa changu kilijifunga. Kanisani sikukosa. Ukifika wimbo wa shukrani nilisimama na kitabu mkononi nikiyatazama maneno, nayo yakawa kama maandishi ya lugha nisiyoijua.

Bibi mmoja wa Umoja wetu wa akina mama alihama mahali pake akaja kukaa benchi langu. Hakuniuliza kitu. Jumapili ya tatu au ya nne nikaona haya, nikamwambia, "Bibi, mimi siwezi kuimba." Akanijibu, "Najua, mwanangu. Wewe simama tu. Zamu yako naishika mimi."

Wenzangu walimu watalielewa jambo hili upesi. Mwalimu wa zamu akiugua, kengele haiachi kulia. Mwenzake ataipiga, watoto wataingia darasani, na mgonjwa atarudi akute shule ingali shule. Hakuna anayemwendea kitandani kumwambia ainuke akapige kengele ili aonyeshe kwamba anaipenda kazi yake.

Sasa turudi kwenye sura ya 2. Ruthu alirudi jioni na shayiri aliyoiokota na kuipura, kiasi cha efa moja. Wengi hukadiria efa kuwa kama lita 22, yaani debe na zaidi kidogo. Kwa mwokota masuke ni nyingi mno. Sheria ilimwamuru mwenye shamba awaachie maskini na wageni masazo ya mavuno (Walawi 19:9-10), lakini Boazi aliwaagiza vijana wake wamwangushie makusudi. Naomi alipoliona debe lile, na kulisikia jina la Boazi, neno la kumbariki Bwana likamtoka, kwamba hakuacha kuwatendea wema walio hai na waliokufa (2:20). Mumewe hakurudi, wala wanawe. Ilikuwa ni shayiri tu, imewekwa sakafuni. Tena aliyeileta ni yule yule ambaye Naomi alikuwa hakumhesabu siku ile mjini.

Katika sura ya 3 Boazi anampa Ruthu vipimo sita vya shayiri asije akarudi mtupu kwa mavyaa wake. Katika Kiebrania neno hilo la utupu ni lile lile alilolitumia Naomi alipolalamika (1:21 na 3:17). Boazi hakuwapo siku ya malalamiko, lakini mwandishi anataka tusikie kwamba lile neno linajibiwa, na linajibiwa kwa nafaka.

Sura ya 4 ndiyo niliyochelewa kuiona vizuri. Mtoto anazaliwa, Obedi, babu yake Daudi. Ni nani anayemhimidi Bwana? Wale wanawake wa mjini. Ndio wanaomwambia Naomi kwamba huyo mkwe anayempenda ni bora kuliko wana saba. Ndio wanaompa mtoto jina. Naomi hasemi hata neno moja katika sura hii yote. Anamchukua mtoto, anamweka kifuani pake, anakuwa mlezi wake, basi. Na jambo jingine: yeye aliomba aitwe Mara, lakini tafuteni katika sura zote 4, hamtaona mtu hata mmoja aliyemwita hivyo. Hawakumkemea kwa kulikataa jina lake. Walimtunzia tu, mpaka alipoweza kulibeba tena.

Mtu atauliza, je, Mtume Paulo hakuagiza tushukuru? Ameagiza (1 Wathesalonike 5:18). Lakini tazameni neno lenyewe, "shukuruni". Mwisho wake kuna -ni. Anaagizwa si mfiwa peke yake chumbani mwake, bali kanisa zima la Thesalonike, ambalo katika sura ya 4 ya waraka huo huo limetajwa kuwa na wafiwa ndani yake. Na katika Kiyunani agizo hilo ni kushukuru katika kila hali. Sikuamriwa kumshukuru Mungu kwa sababu mume wangu alikufa.

Sala ya Shukrani iliyotiwa katika Kitabu cha Sala mwaka 1662, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Askofu Edward Reynolds wa Norwich, ilitungwa katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hiyo nayo ni ya "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho, na ina mahali pa kuwataja wale wanaotaka kushukuru siku hiyo. Wengine wote huwashukuria.

Kwangu mimi ilikuwa mwaka uliofuata. Bibi yule aliniletea kikapu cha kunde za shambani kwake, nami nikakaa mlangoni kuzichambua, mtoto mdogo akinimwagia nilizokwisha kuzitenga. Nikajisikia navumisha wimbo. Nilishtuka, nikanyamaza. Kisha nikaendelea, maana kunde zilikuwa bado nyingi. Bibi amekwisha kulala katika Bwana, na siku ya maziko yake niliimba kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Mtakapokutana nyumba kwa nyumba, someni 1:19-22 na 4:13-17 kwa pamoja, mmoja akisoma maneno ya Naomi na mwingine ya wanawake. Ulizaneni: ni nini ambacho wanawake hawa hawakumwambia Naomi katika sura ya 1? Ruthu alijisikiaje pale aliposimama? Nani katika mtaa wetu anakuja ibadani bila kuimba, na ni nani anayekaa naye benchi moja?