Sainasi safarini: antibayotiki ipi?

Swali: Msafiri akiugua sainasi njiani kati ya Kibondo na Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, achague antibayotiki gani?

Jibu: Mara nyingi, hakuna. Sainasi nyingi huletwa na virusi vya mafua na hupona zenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Antibayotiki haziui virusi. Kinachosaidia ni parasetamoli, maji ya kutosha na kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

Bakteria hushukiwa dalili zikipita siku 10 bila nafuu, mgonjwa akipata nafuu kisha akazidiwa tena, au homa kali ikiambatana na makamasi ya usaha na maumivu ya uso kwa siku 3 au zaidi. Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi, hivyo kila homa ipimwe malaria kwanza.

Bakteria wakishukiwa, chaguo la kwanza ni amoksilini, au amoksilini yenye klavulanati, kwa dozi ya mtaalamu. Mwenye mzio wa penisilini huweza kupewa doksisaiklini, isipokuwa mjamzito na mtoto mdogo. Azithromaisini haifai kuanza nayo, kwa sababu bakteria wengi wameizoea. Dukani jina la dawa lisomwe kwenye pakiti, kwani kapsuli za rangi mbili hufanana ilhali dawa ni tofauti.

Jicho likivimba, macho yakiona ukungu, shingo ikikakamaa au kichwa kikiuma mno, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.