Utambuzi wa Ndege: Macho Kwanza, Kitabu Baadaye

Mtoto wa Dodoma aliyekwisha kuamia ndege katika shamba la mtama au uwele haji darasani mikono mitupu. Amjua kwelea kabla hatujamfundisha. Kazi yetu walimu ni kuupanga ujuzi huo, wala si kuufuta.

Tulipolijaribu somo hili mara ya kwanza tulikosea. Tuliwapa wanafunzi kitabu cha picha za ndege kabla ya kutoka nje, nao wakachagua picha zilizopendeza na kuwatafuta ndege hao mitini. Tena, tukiwa tumeonyesha picha ya kwelea dume peke yake, tulimkatalia mwanafunzi aliyesema kuwa ndege mwenye mdomo wa manjano naye ni kwelea. Yeye alikuwa amemwona akiingia katika kiota kimoja na dume.

Mwanafunzi alisema kweli. Wakati wa kuzaliana, dume huwa na mdomo mwekundu na, kwa kawaida, uso mweusi. Mdomo wa jike hugeuka manjano. Msimu huo ukiisha, wote wawili huwa na mdomo mwekundu na mgongo wa kahawia wenye michirizi. Ndege ni yule yule, sura ni tatu.

Tangu hapo twafuata hatua hizi:

1. Kutazama. Wanafunzi wanne wanne wakae kimya kwa dakika 10, mbali na viota. Wasiokote ndege waliokufa, maana huenda wameuawa kwa sumu.

2. Kuandika. Waandike ukubwa wake ukilinganishwa na shomoro, umbo na rangi ya mdomo, chakula chake, na kama yu peke yake au kundini.

3. Kutaja. Kila jina walijualo, liwe la Kigogo, la Kirangi au la Kiswahili, liandikwe ubaoni.

4. Kulinganisha. Sasa kitabu kifunguliwe. Wachunguze dume, jike na kinda. Kitabu kikiwa kimoja tu, mwalimu achore picha kwenye karatasi kubwa.

5. Kuamua. Kila kikundi kitoe sababu mbili. Jibu la "bado hatujui" lisihesabiwe kosa.

Kwelea mmoja huweza kula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni 1 hufikia tani 10. Hata hivyo, si kila ndege mdogo wa kahawia ni kwelea. Taarifa ya kuaminika kwa bwana shamba huanza na macho yaliyozoezwa kutazama, na mazoezi hayo huanzia kwetu.