"Riposte Ebola, 2018–2020": mstari unaowanyima watu wa Mabalako kazi

Ukikaa kidogo kwenye sekretarieti yoyote ya Mangina, Beni au Butembo, pale wanapochapa barua na kutoa fotokopi, utaona CV nyingi zina mstari ule ule: "Riposte Ebola, 2018–2020". Basi, imeishia hapo. Mwenye CV alivaa buti, alichanganya klorini, alifukuzwa kwa mawe na kesho yake akarudi nyumba ile ile. Yote hayo yamekuwa maneno mawili na tarehe. Anayesoma dosie huko Goma au Kinshasa hawezi kujua kama ulikuwa dereva, mpishi au muuguzi, wala hatapoteza salio lake kukuuliza.

Mlipuko wa Ebola ambao riposti hiyo ilikuja kuuzima ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kitovu chake kikiwa Mangina, katika zone de santé ya Mabalako. Chanjo ilianza humo humo tarehe 8, na ugonjwa ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3470 kuugua na 2287 kufariki. Katika miaka hiyo miwili, vijana waliokuwa na diploma ya Serikali tu walijifunza kazi ambazo kila palipo na kipindupindu au mpox zinatafutiwa watu. Kwa hiyo uzoefu mnao. Kinachokosekana ni namna ya kuueleza.

Chukua hygiéniste. Badala ya "riposte", aandike: "Hygiéniste, kituo cha afya, Mangina, Septemba 2018 hadi Juni 2019. Kutayarisha klorini ya 0,05% ya kunawa mikono na ya 0,5% ya kusafisha sakafu na vifaa. Kuwafundisha wafanyakazi wapya namna ya kuvaa na kuvua nguo za kinga." Msomaji ameshamwona mtu akiwa kazini. Aliyekuwa akifuatilia waliogusana na wagonjwa aseme hivyo hivyo: aliwatembelea kila siku kwa siku 21, aliwapima joto, alijaza fishi na kutoa ripoti jioni. Aliyekuwa reko (relais communautaire) aeleze avenyu au vijiji alivyovishika, na mikutano aliyoiendesha. Kama unakumbuka hesabu ya kweli, ya nyumba au ya watu, iweke. Kama huikumbuki, iache. Msimamizi uliyemtaja chini ya CV anaweza kupigiwa simu, na hesabu ya kubuni itamshinda kuitetea.

Kwetu CV huandikwa Kifaransa, na hapo wengi huteleza. Andika kwanza Kiswahili kwenye karatasi, kazi kwa kazi, halafu mpelekee mwalimu au mtu aliyesoma vizuri akusaidie kugeuza. Usimwachie mchapaji akutungie. Yeye hufungua CV ya mteja wa jana na kubadilisha jina, na wewe unajikuta umeoa, una watoto sita na unapenda mpira wa kikapu. Soma kila mstari kabla ya kulipa. Kurasa mbili zinatosha. Kazi ya karibuni itangulie, shule ya msingi unaweza kuiacha kabisa.

Jina nalo lina mambo yake. Sisi Wanande tunaitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo rundo moja la dosie linaweza kuwa na akina Kambale na Kavira wasiohesabika. Andika jina, postnom na prénom kama yalivyo kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye diploma, herufi kwa herufi. Kama diploma inasema Muhindo na kadi inasema Mohindo, shughulikia hilo mapema, kabla tangazo halijatoka. Na kwenye sehemu ya lugha, Kinande kisisahaulike kwa sababu tu hakikufundishwa kwa cheti. Riposti ilijifunza kwa shida kwamba ujumbe wa Kifaransa haufiki kijijini.

Tangazo likitoka, mara nyingi siku zilizobaki ni chache, na njia ya kwenda Beni si ya kuaminika kila siku. Ndiyo maana dosie inatayarishwa wakati hakuna tangazo lolote: nakala za diploma, za kadi ya mpiga kura, za vyeti vya huduma ulivyopewa na mashirika, pamoja na kadi ya mtafuta kazi ya ONEM (ofisi ya taifa ya ajira), ambayo matangazo mengi huidai. Kama shirika lilifunga ofisi bila kukupa cheti cha huduma, tafuta mkataba wa zamani, beji, au msimamizi aliye tayari kuandika. Kisha piga picha kila karatasi mchana kweupe, moja moja, ujitumie kwa barua pepe yako mwenyewe. Watu wa huku wamekimbia vijiji zaidi ya mara moja, na diploma iliyoachwa chini ya godoro haikimbii na mtu.

Wewe ambaye hukuingia riposti usijione mtupu. Aliyenunua kakao kwa wakulima, akaipima, akaitofautisha iliyochachuka vizuri na iliyooza, akamrudishia tajiri hesabu sawasawa, ana la kuandika anapoomba kazi ya stoo au ya ukaguzi wa mazao. Mweka hazina wa kwaya au wa likelemba (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu) ameshika fedha za watu. Andika muda, kazi na jina la kiongozi anayekujua. Mchungaji kwenye orodha ya marejeo si vibaya, lakini asiwe peke yake.

Barua ya motisha iwe ukurasa mmoja na ijibu tangazo lenyewe. Wanataka mtu anayejua pikipiki na anayekubali kulala kijijini? Sema hayo mawili katika aya ya kwanza, tena useme na leseni unayo. Salamu ndefu za heshima ziache kwa barua za harusi.

Na kuna jambo ambalo halifai kuzungukwa kwa adabu. Kazi hainunuliwi kwa fedha wala kwa mwili. Tume huru iliyoundwa na OMS (Shirika la Afya Duniani) ilitoa ripoti Septemba 2021 kuhusu yaliyofanyika huku wakati wa riposti: wanawake walisimulia kuahidiwa kazi ili walale na wanaume, au kutishwa kufukuzwa wakikataa. Ilitaja washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS yenyewe. Dada yangu, mtu akikuita hotelini kwa "mahojiano", usiende. Tunza ujumbe wake na ulizie namba ya malalamiko ya shirika hilo. Mashirika makubwa huwa nayo, na si lazima utaje jina lako.

Ukipeleka dosie mkononi, beba nakala ya pili ya barua. Mpokezi aipige muhuri, aweke tarehe na saini, nawe urudi nayo nyumbani. Kwenye CV weka namba mbili: yako, na ya mtu wa nyumbani ambaye simu yake haizimwi, maana mtandao ukikatika shambani wito wa mahojiano hautangoji. Umwambie huyo mtu umeomba kazi gani na wapi, asije akajibu kwamba aliyepiga amekosea namba.