Swala tano, na mchele uliochanganywa

SWALI: Ustadhi, nina duka la nafaka. Swala tano sizikosi, Jumatatu na Alhamisi nafunga. Mke wangu anasema Uislamu wangu unaishia mlangoni mwa duka kwa kuwa nachanganya mchele wa zamani na mpya. Je, amenionea?

JIBU: Ndugu yangu, hajakuonea, ikiwa huwaambii wateja.

Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akamwambia anayedanganya si katika watu wake. Angalia: kosa halikuwa mvua, lilikuwa kuficha. Kwako pia, kuchanganya si haramu ukimwambia mteja na bei ikalingana na mali.

Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, kwa hiyo kagua na mzani wako pia.

Funga zako usiziache, tafadhali. Wapo wanaosikia jibu kama hili wakaacha sunna, wakaendelea kupunja. Wateja unaowajua uliowauzia kwa kuficha, waambie na uwarudishie tofauti ya bei, au wakusamehe. Usiowajua, wanazuoni wengi wanasema toa kiasi hicho sadaka kwa niaba yao. Na gunia la leo, liandike “mchanganyiko” kabla hujafungua duka kesho.