Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa: Maisha, Utawala na Vyanzo Vyake

Kila mtahiniwa wa kidato cha nne anajua kwamba Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu. Wengi huishia hapo. Ukiulizwa nani alitawala wakati huo, alitawalaje na tunajuaje, kalamu inasimama. Mada hii inakupa mtawala mmoja wa kumshika vizuri: al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa Kisiwani katika miongo ya mwanzo ya karne ya 14. Vitabu vingi vinaweka utawala wake takriban kati ya 1310 na 1333.

Usiwachanganye watu wawili

Kosa linalojirudia katika madaftari ninayosahihisha ni kumwita al-Hasan bin Sulaiman mwanzilishi wa Kilwa. Anayesimuliwa kuwa mwanzilishi ni Ali bin al-Hasan. Huyu ndiye wa masimulizi ya Washirazi: majahazi saba kutoka Uajemi, na kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Tarihi ya Kilwa, yaani kitabu cha habari za masultani wake, iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Mreno João de Barros naye alichapisha habari zake mwaka 1552. Kwa hiyo waandishi wote hawa walikuwa mbali sana na siku za huyo Ali.

Jambo hili si la Kilwa peke yake. Wajapani wanamtaja Jimmu kuwa mfalme wao wa kwanza, aliyeanza kutawala mwaka 660 kabla ya Kristo, lakini vitabu vinavyomsimulia viliandikwa mwaka 712 na 720 baada ya Kristo. Mfalme wa kwanza wa karibu kila dola hufunikwa na ukungu wa namna hiyo. Hata hivyo Ali bin al-Hasan ana kitu ambacho Jimmu hana: sarafu zenye jina lake zimefukuliwa, zikiwemo za fedha zilizopatikana Mtambwe Mkuu, Pemba. Kwa hiyo alikuwepo mtawala wa jina hilo. Habari ya majahazi saba ni suala jingine, na usiiandike kwenye mtihani kana kwamba mtu aliyahesabu yakiingia bandarini.

Al-Hasan bin Sulaiman alikuja zaidi ya karne mbili baadaye, na alikuwa wa ukoo mwingine, wa Mahdali. Ukoo huo ulijinasibisha na masharifu wa Yemen. Ulishika madaraka mwishoni mwa karne ya 13 chini ya babu yake, al-Hasan bin Talut. Tarihi inasimulia kwamba mjukuu huyu akiwa kijana alikaa Aden kusoma, akahiji Makka, na ndugu yake Daud akashika madaraka kwa niaba yake mpaka aliporudi.

Mgeni aliyefika mwaka 1331

Bahati yetu ni kwamba mtu aliyejua kusimulia alifika Kilwa sultani huyu akiwa hai. Msafiri Ibn Battuta wa Tanja, Moroko, alishuka pwani yetu kwa upepo wa kaskazi mwaka 1331, akipitia Mogadishu na Mombasa, kisha akaondoka Kilwa kwa kusi kuelekea Dhofar, Uarabuni. Hebu ona jinsi pepo zilivyopanga hata ratiba ya wageni. Hakukaa muda mrefu.

Anasema Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, na kwamba wakazi wake wengi ni watu weusi wenye chale usoni. Sentensi hiyo moja ina thamani kubwa kwako. Ukikutana na dai kwamba miji ya pwani ilikuwa makoloni ya Waarabu na Waajemi, hapo una shahidi wa karne ya 14, Mwarabu kwa lugha na elimu, anayekueleza aliowaona ni nani.

Kuhusu dhahabu, aliambiwa na mfanyabiashara kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu inafika Sofala kutoka bara zaidi. Kilwa haikuwa na mgodi. Utajiri wake ulitokana na kukaa katikati: dhahabu na pembe za ndovu zilipita kwake zikienda kaskazini, nguo, shanga na vyombo vya kaure vikapita zikija kusini, na mtawala akatoza ushuru. Ukiandika kwamba watu wa Kilwa walichimba dhahabu, umepoteza alama.

"Baba wa vipawa"

Ibn Battuta anatueleza kwamba sultani aliitwa kwa lakabu Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Kisha anatoa kisa. Ijumaa moja sultani anatoka msikitini kwenda nyumbani, fakiri kutoka Yemen anamsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani anakubali. Fakiri anazitaka saa ileile. Sultani anarudi, anaingia nyumba ya khatibu wa msikiti, anabadili nguo, anampa. Fakiri anazifunga, anajitwika kichwani na kwenda zake, watu wakimsifu sultani. Mwana wa sultani akazikomboa zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Baba alipoona jinsi watu walivyofurahi, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msafiri anaongeza kwamba zawadi za huko kwa kawaida ni pembe, dhahabu ni nadra.

Kisa hiki hukaririwa darasani kama mfano wa mtawala mwema. Soma tena. Watu ishirini walitolewa kama zawadi kwa sababu ya kanzu moja. Walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe anajibu mahali pengine: sultani alikuwa akifanya mashambulizi mara kwa mara katika nchi ya Zanji, yaani bara, anateka ngawira, anatenga sehemu ya tano kwa matumizi yaliyotajwa katika Kurani, na fungu la masharifu anawapa wanapomjia kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Kwa hiyo waliomsifu ni waliopokea. Waliovamiwa hawakuachiwa kurasa. Hakuna aliyetuandikia habari za kijiji kilichochukuliwa watu ili fakiri arudi Yemen tajiri.

Hapa ndipo somo la historia na maadili linapokutana, na mtahiniwa mzuri huandika pande zote mbili. Sultani alikuwa mkarimu na mcha Mungu kwa kipimo cha waliokaa naye barazani. Ukarimu huo uligharamiwa kwa ushuru wa biashara na kwa uvamizi na utumwa. Kumtetea kwa kusema "zama zilikuwa hizo" hakutoshi. Kumlaani bila kueleza alivyopata nguvu nako hakujibu swali.

Alipofariki, Daud alimrithi. Kwa maelezo ya Ibn Battuta, Daud alikuwa kinyume chake: mwombaji akija, aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa. Mimi naona jibu hilo linatoa fununu kwamba hazina ilikuwa imechoka, ingawa msafiri analitoa kama ushahidi wa ubahili tu.

Mawe yanavyosema

Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960. Jengo linalohusishwa na sultani wetu ni Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100, ua mkubwa unaodhaniwa kuwa wa shughuli za biashara, na birika la kuogea lenye pembe nane. Lilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Ndani yake yalipatikana maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe yenye jina lake, na chupa ya kaure ya Kichina ya enzi ya Yuan. Jumba halikukamilika. Pia upanuzi mkubwa wa Msikiti Mkuu, wenye nguzo na kuba, unahusishwa naye. Sehemu yake iliporomoka na kujengwa upya karne ya 15, wakati wa Sulaiman bin Muhammad.

Sasa kuna jambo la kushangaza. Ibn Battuta hataji Husuni Kubwa hata kidogo. Kadiri baadhi ya nakala zinavyosomwa, anasema mji ulijengwa kwa miti na kuezekwa kwa matete. Je, alidanganya? Kumbuka mambo mawili. Kwanza, watu wengi wa Kilwa kweli waliishi katika nyumba za miti na udongo. Mawe yalikuwa ya wachache na ya ibada. Pili, alisimulia safari zake kwa mwandishi huko Fez, na kazi ikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Kumbukumbu ya mtu aliyeona mamia ya miji huteleza. Chanzo kinaweza kuwa cha kweli na bado kikakosea.

Sarafu nazo zina lao. Za shaba zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ni nyingi, na moja ilipatikana mbali kabisa, kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Za dhahabu zinazojulikana ni chache mno. Za shaba hazikuandikwa mwaka. Kwa hiyo sarafu inatupa jina, na msafiri ndiye anayetupa tarehe. Mmoja bila mwenzake hatoshi.

Kama hujawahi kufika Kilwa, Barabara ya Kilwa unayopita ukienda Mbagala inaelekea huko huko. Kwa walio Msasani na Kinondoni, magofu ya Kunduchi, yenye msikiti na makaburi ya nguzo, yako karibu zaidi, na Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert yana vitu vya Kilwa. Nenda na daftari. Ukishaona matumbawe yaliyochongwa kwa mkono, hutahitaji kukariri neno "matumbawe".

Namna ya kujibu

Chukua swali hili: "Kwa kutumia vyanzo mbalimbali, eleza sababu za ustawi wa Kilwa katika karne ya 14." Mtahiniwa dhaifu ataorodhesha: pepo za msimu, bandari nzuri, dhahabu, uongozi bora. Hakuna hoja iliyoelezwa. Aya moja yenye nguvu ingekuwa hivi:

Kilwa ilistawi kwa kudhibiti biashara kati ya Sofala na Bahari ya Hindi. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, anaitaja Sofala kuwa mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, jambo linaloonesha kwamba uhusiano wa Kilwa na maeneo ya dhahabu ulifika mbali bara. Mapato hayo yalionekana katika majengo kama Husuni Kubwa.

Angalia: hoja, shahidi wa maandishi, shahidi wa akiolojia, matokeo. Andika aya tano za namna hiyo, moja ikieleza pia uvamizi na utumwa.

Zoezi

1. Tofautisha Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman kwa kuzingatia ukoo, wakati na aina ya ushahidi uliopo.

2. "Ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman uligharamiwa na wasiotajwa." Jadili.

3. Eleza kwa nini maelezo ya Ibn Battuta kuhusu majengo ya Kilwa yanaweza kutofautiana na magofu yaliyopo.

4. Mwanafunzi ameokota sarafu ya shaba isiyo na mwaka yenye jina la sultani. Onesha hatua ambazo mwanahistoria angefuata ili kukadiria umri wake.